Rafadha ya boti ya kuvuta watu: niliyojifunza kati ya Shela na Manda

Mpwa wangu alikuwa majini nyuma ya boti, magoti kifuani, ubao wa wekibodi umelala mbele ya nyayo zake, mikono yote miwili kwenye mpini wa kamba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji yamejaa mpaka yamefunika mizizi yote ya mikoko, nasi tuko Lamu, ndani ya mkono wa bahari unaoelekea Takwa kisiwani Manda, mahali ambapo upepo huchelewa kufika. Alipoita, "Mjomba, vuta!" nikatia gesi yote.

Omo, yaani mbele ya boti, ikapanda hadi sikuona kitu mbele yangu ila mbingu. Tezi, yaani nyuma yake, ikazama, mashine ikanguruma kwa sauti nzito, na mita ya resi, inayohesabu mizunguko ya mashine kwa dakika, ikaganda kwenye 2,900. Nikahesabu moyoni. Sekunde tano, sita, saba, boti bado inalima maji. Nyuma yangu mtoto alikuwa anaburutwa, maji yanampiga usoni, ubao unamsukuma mapajani, kamba imekaza kama uzi wa gambusi. Sekunde ya tisa akaachia.

Tulijaribu mara nne. Ya nne nilipozunguka kumfuata, alikuwa anaelea juu ya jaketi lake la kuokolea, midomo imepauka. "Mjomba, mikono imekufa," akaniambia. "Labda mimi sina nguvu za mchezo huu."

Neno hilo lilinichoma, maana nguvu alikuwa nazo tele. Mtu yeyote mwenye mikono miwili anaweza kuinuka juu ya ubao ikiwa boti itamtoa majini kwa sekunde tatu au nne. Akivutwa sekunde tisa hata mpagazi wa gatini ataachia. Kosa lilikuwa nyuma ya boti, futi mbili chini ya maji, na mimi ndiye niliyelinunua.

Nimeendesha boti tangu ujana wangu. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa kuchukua wageni kiwanja cha ndege cha Manda kuwaleta Shela, kuvusha watu Mokowe, na mara moja moja safari ya Manda Toto kuogelea kwenye matumbawe. Kisha mwenye boti akaamua tuanze kuvuta watu, wa ski na wa wekibodi. Boti ni ya faiba, futi 17, na mashine ni ya mipigo minne, nguvu za farasi 115. Ilitosha kabisa kwa kazi hiyo. Rafadha yetu ya zamani, ile yenye mapanga inayozunguka majini kusukuma boti, ilikuwa imemeguka panga moja, nikatumwa mjini kununua mpya. Muuzaji aliniuliza mashine ni ya farasi ngapi, nikamwambia. Hakuuliza kazi yangu ni ipi, na mimi sikujua kwamba hilo ndilo swali. Akanipa rafadha imeandikwa 13 x 19-K, akasema, "Hii ndiyo ya mwendo." Nilifurahi. Siku ya kuifunga nilitoka peke yangu na kijana mmoja, tanki nusu, nikapiga kilomita 58 kwa saa kwenye mkondo mbele ya Shela. Watu waliokuwa wamekaa ukingoni walisimama kutazama, nami nikarudi nimevimba kichwa.

Sasa nikampelekea boti fundi mmoja wa mjini Lamu, mtu mzima ambaye sote tunamwita Ami. Nilidhani atafungua kifuniko cha mashine atazame plagi na mabomba ya mafuta. Hakugusa kifuniko. Aliinama nyuma ya tezi, akafuta kitovu cha rafadha kwa kidole gumba, akasoma namba, akanyanyuka.

"Mwanangu, kazi yako ni kukimbia au ni kuvuta?"

"Ni kuvuta, Ami."

"Basi mbona umetweka tanga la kukimbilia?"

Nilimwelewa papo hapo, kwa kuwa babu yangu alikuwa mtu wa majahazi. Kusi ikichacha, nahodha hushusha tanga kubwa akatweka dogo, na chombo ni kilekile. Ami akanikalisha kwenye kipande cha mkoko kilichokuwa karakanani, akanifundisha kusoma rafadha.

Namba ya kwanza, 13, ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Namba ya pili ndiyo pichi, na hapo ndipo siri ilipo. Chukua parafujo uizungushe mara moja kwenye mbao; itaingia kiasi fulani. Rafadha nayo ni hivyo. Ya pichi 19 ingesogea inchi 19 kila ikizunguka mara moja, lau maji yangekuwa mbao. Maji si mbao, yanateleza, kwa hiyo boti iliyokaa vizuri hupoteza asilimia 10 hadi 20 ya mwendo huo. Iliyolemewa hupoteza zaidi. Herufi K ya mwisho kwenye rafadha hizi za mashine za Yamaha inaonyesha aina ya kitovu, usije ukanunua isiyoingia kwenye shafti yako, yaani chuma kinachoizungusha.

Pichi kubwa ni gia kubwa ya baiskeli. Ukiwa tambarare umeshika kasi ni raha, lakini jaribu kuanza nayo mlimani ukiwa umepakia mtungi nyuma. Miguu yako itatetemeka na baiskeli haitaondoka. Mashine yangu ilikuwa inatetemeka hivyo, na mpwa wangu ndiye aliyekuwa mlimani.

Nikauliza kama basi pichi ndogo kabisa ndiyo bora. Akasema hapana, na akanipa kipimo ambacho tangu siku hiyo sijakiacha. Kila mashine ina kiwango cha mizunguko inachotakiwa kufika gesi ikiwa imefunguliwa yote, na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Yangu ni 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Rafadha sahihi ni ile inayoifikisha mashine ndani ya kiwango hicho ikiwa na mzigo wa kazi yako ya kweli. Isipofika, mashine inafanya kazi kwa kulemewa: inapata joto, inajenga masizi ndani, na bearing zinakula kipigo kila siku. Ikipitiliza, inajichosha kwa upande wa pili. "Na upime na mzigo," akarudia mara tatu. "Boti tupu haikuambii ukweli."

Kabla ya kupima alinilazimisha kitu kimoja ambacho nilikiona ni usumbufu. Maji yalipokupwa tukailaza boti mchangani, tukakwangua chini yake. Wazee wetu walikuwa wakipaka majahazi shahamu na chokaa ili yasiote uchafu. Sisi wa faiba tunajisahau. Tuling'oa mwani na magamba makali yaliyokata vidole vyangu. Mapanga yenyewe yalikuwa na ukoko mweupe mkavu. Ami akapiga rula kutoka sakafu ya boti hadi kwenye mashine, akatazama bamba lililo juu ya rafadha. Bamba hilo linatakiwa liwe sawa na sakafu au lipite juu kidogo tu. Likiwa juu sana, rafadha inavuta hewa kila ukikata kona. Letu lilikuwa sawa.

Siku ya kupima tulitoka maji yamejaa na yametuama, ile nusu saa ambayo mkondo kati ya Shela na Manda hauendi huku wala kule. Ukipima mkondo ukienda, unapima bahari. Hata hivyo tulikwenda pande zote mbili kila mara, tukachukua wastani. Tanki lilijaa. Tulikuwa watu sita, pamoja na mitungi kumi ya lita 20 iliyojazwa maji ya bahari, tumeipanga karibu na tezi. Hiyo peke yake ni kilo 205 hivi. Mpwa wangu nilimpa kazi ya kusoma mita ya resi na kuandika. Aliandika kwa kalamu ya wino kwenye pande la katoni ya biskuti, na katoni ile ningali nayo.

Rafadha ya 19, mzigo kamili: 4,700, kilomita 46 kwa saa. Rafadha hiyohiyo, mimi na mtu mmoja: 5,350, kilomita 58.

Tazama jinsi nilivyodanganyika. Boti tupu ilikuwa ndani ya kiwango, tena vizuri. Laiti kazi yangu ingekuwa kupeleka daktari mmoja Faza, rafadha ile ingekuwa sahihi. Kwa mzigo wa kazi yangu ilikuwa imekosa mizunguko 300 kufika hata chini ya kiwango.

Kila inchi moja ya pichi inabadilisha kama mizunguko 150 hadi 200. Ukipunguza pichi, resi zinapanda, ukiongeza, zinashuka. Kwa hiyo, ili tufike katikati ya kiwango, hesabu ilituonyesha tushuke inchi nne hivi. Ami hakutaka ninunue kwa hesabu. Alinitafutia rafadha tatu za kuazima kutoka kwa manahodha wenzake, ya 17, ya 15 na ya 13, nasi tukapima zote kwa asubuhi tatu. Hili la kuazima nalipenda sana na nalisema kwa kila kijana anayeanza. Hapa Lamu karibu kila mashine inafanana na ya jirani, na watu hawakunyimi rafadha ya kujaribia ukiirudisha imefutwa na kupakwa grisi.

Ya 17 ilifika 5,050 na mzigo. Kwenye karatasi imeingia ndani ya kiwango, na mtu mvivu angeishia hapo. Lakini tulipotia mtu majini nyuma, boti ilichukua sekunde saba kukaa juu ya maji. Ya 15 ilifika 5,400, na sekunde zikawa nne. Ya 13 iliruka kama punda aliyetiwa mjeledi, lakini nikiwa peke yangu mashine ilivuka 6,000 gesi haijaisha, ikaanza kukatakata kwa sababu ina kizuizi cha kujilinda. Kwa boti inayovuta watu kila siku na kurudi tupu jioni, hiyo nayo haifai.

Kilichonishangaza ni mwendo. Nilikuwa na hakika kwamba nikishuka pichi nitakuwa mtu wa polepole. Ya 15, boti tupu, ilinipa kilomita 54 kwa saa, nimepoteza nne. Na mzigo kamili ikanipa 48. Mbili zaidi kuliko ile ya "mwendo"! Nilikaa na kalamu usiku ule nikafanya hesabu mpaka ikanikaa. Gia ya mashine yangu ni 2.15, yaani mashine ikizunguka mara 5,400, rafadha inazunguka kama 2,512. Mara inchi 15, ambazo ni sentimita 38 na kidogo, unapata mita 957 kwa dakika, sawa na kilomita 57 kwa saa. Nilipata 48, kwa hiyo mtelezo ulikuwa asilimia 16. Nikarudia kwa ile ya 19 na mzigo: ilitakiwa iende kilomita 63, ikaenda 46. Zaidi ya robo ya kazi yote ilikuwa ikimwagika majini kama povu, na petroli yake niliinunua kwa fedha halali.

Asubuhi iliyofuata nikamrudisha mpwa wangu palepale Takwa. Hakutaka, mama yake ndiye aliyemwambia ajaribu mara moja tu. Nilitia gesi, omo ikapanda ikashuka, na kabla sijamaliza kuhesabu nne nikasikia kamba imebadilika sauti. Kamba ya mtu aliye majini ni kimya na nzito. Ya mtu aliyesimama inatoa mlio mwembamba, na matone yanaruka kutoka kwayo urefu wote. Nikageuka. Amesimama, magoti yamekunjwa, kinywa wazi, hana sauti. Alikwenda mpaka mkono unapoanza kuwa mwembamba, hapo nikalazimika kugeuza boti, akaanguka kwa furaha yake.

Ninapowaeleza watu habari hii huwa wanauliza, kwani ski na wekibodi si kitu kimoja? Kwa rafadha si kitu kimoja kabisa. Mtu wa ski anataka mwendo na maji yaliyolala nyuma ya boti. Kwenye mashindano ya slalomu wanaume huvutwa hadi kilomita 58 kwa saa na wanawake 55. Wageni wetu wengi wanatosheka na 45 hadi 50. Boti inakuwa nyepesi, dereva, mtazamaji na mwenye ski, basi. Mtu wa wekibodi anataka mwendo mdogo, 30 hadi 37, lakini anataka boti izame nyuma ili iinue tuta la maji la kurukia. Ndiyo maana tunapakia mitungi. Sasa fikiria, unaiongezea boti kilo 200 na wakati huohuo unaitaka iende polepole, pale pale ambapo inapenda kuzama. Rafadha ya pichi kubwa hapo inainyonga mashine, ukiongeza gesi kidogo haijibu, ukizidisha inaruka ghafla na kumpokonya mtu kamba. Ya 15 inanipa kama mizunguko 3,800 kwenye kilomita 33, na mashine hapo ina pumzi ya kuongeza au kupunguza kwa ncha ya kidole. Mwendo usiobadilika ndiyo heshima ya dereva kwa mtu aliye kwenye kamba.

Ukibanwa kuchagua rafadha moja kwa kazi zote mbili, ichague kwa ajili ya wekibodi. Mtu wa ski atakosa kilomita chache ambazo wengi hawazihitaji. Mtu wa wekibodi akikosa nguvu ya kuvutwa, amekosa mchezo wote.

Nilisoma mahali habari ambayo nimeipenda kupita kiasi. Mwaka 1845 wanamaji wa Uingereza walitaka kujua kama rafadha inashinda magurudumu ya pembeni yaliyokuwa kwenye meli za mvuke. Wakazifunga meli mbili tezi kwa tezi, Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu, kila moja ikavuta kwake. Rattler ikaiburuta mwenzake kinyumenyume kwa zaidi ya noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa. Kwa hiyo tangu zamani rafadha ilijaribiwa kwa kamba, kwa kuvuta. Nilimsimulia Ami akacheka akasema, hao Waingereza angalau walipima na mzigo.

Juu ya mapanga matatu au manne, watu hapa wanabishana mpaka kahawa inapoa. Miye nimekwisha kuamua. Kwa kuvuta watu ni manne. Nilianza na ya 15 ya mapanga matatu, msimu uliofuata nikanunua ya 15 ya mapanga manne, na tofauti niliiona kwenye kona. Mtu akianguka unatakiwa umzungukie na kumpelekea kamba, na mara nyingi unakata kona ukiwa na gesi. Ya matatu ilikuwa ikivuta hewa hapo, mashine inalia ghafla juu bila boti kwenda. Ya manne inashika maji. Pia mtu wa ski akikata upande anaivuta tezi kwa nguvu, na ya manne haiyumbi sana. Inakula kilomita moja hivi ya mwendo wa juu, nami naitoa kwa moyo mweupe.

La alumini au stenlesi linategemea bahari yako. Stenlesi haipindi kirahisi, mapanga yake ni membamba na makali, inashika maji vizuri zaidi, na bei yake ni mara kadhaa ya alumini. Mgeni mmoja aliwahi kutaka kuninunulia, nikamshukuru nikakataa. Sababu yangu iko upande wa Manda, mawe ambayo maji yakipwa unayaona na maji yakiwa nusu huyaoni. Siku moja niliwahi kurudi nimechelewa, maji yanashuka, jua liko machoni. Nilisikia mlio kama wa kijiko kwenye sufuria, mara tatu za haraka. Nilizima mashine, nikaiinua. Mapanga yote yalikuwa yameliwa ncha, kingo zimekunjamana kama kisu kilichopigwa jiweni, na alumini nyeupe inang'aa palipong'oka. Nikarudi Shela polepole, boti inatetemeka. Rafadha iliharibika, na shafti na meno ya gia yakabaki mazima. Lau ingekuwa stenlesi, panga lisingekubali kuvunjika kirahisi, na kishindo kikubwa zaidi kingeweza kuingia ndani ya gia. Kwenye maji marefu yasiyo na mawe ningesema mengine, lakini mimi niko hapa. Na usiendelee kutembelea rafadha iliyopinda hata kidogo kwa sababu "inaenda". Ule mtetemo unakula bearing na sili, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie kwenye gia, kila dakika.

Ndani ya kitovu cha rafadha kuna bushi ya mpira. Kazi yake ni kupokea kishindo unapotia gia au kugonga kitu. Ikichoka inateleza. Dalili yake inawachanganya wengi: mwendo mdogo boti inakwenda vizuri, ukitia gesi resi zinapanda na boti haiongezi. Watu wanafungua mashine, wanalaumu petroli. Ami alinifundisha kuchora mstari mmoja kutoka kwenye bushi hadi kwenye kitovu, nami nilitumia rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu, haitoki na maji ya chumvi. Nikirudi nikikuta mistari imeachana, bushi imeteleza. Sihitaji kuuliza mtu.

Kuna boti moja ililetwa kwa lori kutoka Naivasha, mwenyewe ni rafiki wa nyumba tunayoifanyia kazi. Mashine farasi 90. Alilalamika kwamba kule ilikuwa nzuri na huku imekuwa kelele tupu bila mwendo, akaamini chumvi imeiharibu. Nilipotazama kitovu nikakuta pichi 13. Ziwa Naivasha liko kama mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule ni nyepesi, na mashine inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mashine ya 90 kule ilikuwa inatoa kama 73. Fundi wa kule alichagua 13 kwa akili kabisa. Boti iliposhuka pwani mashine ilirudishiwa nguvu zake zote, na rafadha ile ikawa nyepesi kwake. Tukapandisha inchi tatu, resi zikashuka kwenye kiwango, na kelele ikaisha. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Boti kama yako mahali fulani inatumia namba fulani," mshukuru, kisha upime. Zile boti maalumu za ski kama MasterCraft na Nautique zina injini ndani na rafadha iko chini ya sakafu, mbele ya ule usukani wa majini. Gia zake si kama zetu, na namba zake hazituhusu kabisa.

Kufunga rafadha nafanya mwenyewe, maji yakipwa, boti imelala mchangani. Kwanza natoa ufunguo naweka mfukoni. Napachika kipande cha mbao kati ya panga na bamba ili isizunguke, nanyoosha kotapini, ile pini inayozuia nati isifunguke, nafungua nati. Ikitoka, kabla ya yote natazama shafti kama imezingwa na mshipi wa kuvulia. Mshipi ukizinga unakata sili, maji yanaingia, na mafuta ya gia yanageuka meupe kama tui. Nimewahi kutoa mshipi mrefu kuliko boti, na mtu aliyekuwa akiiendesha hakujua. Kisha grisi kwenye meno ya shafti, bila kubania, la sivyo chumvi itaigandisha na mwaka ujao utaitoa kwa nyundo. Ile washa nene inayokaa kati ya rafadha na nyumba ya gia usiisahau mchangani. Kotapini kila mara mpya.

Na jambo ambalo nalisema kwa kila dereva mgeni kabla hajashika boti yangu: mtu akiwa karibu na ngazi, zima mashine. Usiweke huru ukadhani umemaliza. Zima. Mashine hii ikiwa kwenye gia bila gesi yoyote, rafadha inazunguka zaidi ya mara 300 kwa dakika, na mkono wa gia unaweza kuguswa na goti la mtoto anayepita.

Ile ya 19 ilikaa ukutani kwa Ami miaka miwili, imetundikwa msumarini. Kila kijana aliyeiona aliitaka, nami nilikuwa nawauliza kazi zao ni zipi. Mwezi uliopita akaja mmoja mwenye boti nyepesi ya futi 16, mashine kama yangu, anakwenda kuvua na rafiki mmoja au wawili na hapakii kingine. Nilimwazima kwanza. Tulitoka naye maji yametuama, tanki kamili, barafu na mishipi yake ndani, na wavuvi wenzake wawili wamekaa nyuma. Mpwa wangu, ambaye sasa ananipita kimo, akainama kwenye mita ya resi akasoma 5,600. Tuliporudi nikampa na nati yake.